Misuli Iliyoacha Kazi Ndani ya Mama

Mama ana presha, na zamani alikuwa akimeza vidonge vyake wiki ya kliniki tu. Kwetu kijijini Tetu hiyo haikuwa siri wala dhambi. Ilikuwa adabu, kama kudeki nyumba wageni wanapokuja. Daktari alikuwa akimpima, akimsifu, naye akirudi kwa ng'ombe wake hadi kliniki nyingine.

Mimi sijasomea udaktari. Nina simu, na nina wasiwasi wa kutosha kijiji kizima. Nilijifundisha habari za mishipa ya damu hadi nikaanza kuhisi yangu ikikakamaa nikiosha vyombo. Kilichonitisha zaidi ni seli za misuli zilizo kwenye ukuta wa ateri. Seli yenye afya imejaa nyuzi za kuubana na kuulegeza mshipa. Hiyo ndiyo kazi yake. Presha ikiitesa muda mrefu, inabadilika ndani. Inapunguza zile nyuzi, inajaza mitambo ya kutengeneza protini, inazaana, inahama na kuanza kujenga. Ukuta unanenepa, njia ya damu inabanwa.

Nilichora hayo yote kwa kalamu za rangi, na kila seli ilipopinda nilianza upya. Nilipomwonyesha Mama, alikuwa akichambua maharagwe.

"Ati hii ni nini? Viazi?"

"Ni seli yako, Mama. Imeacha kazi. Sasa inajenga kwa barabara."

"Kama wale wa vibanda pale stendi?"

"Kabisa."

"Basi iachwe. Watu wanatafuta riziki."

"Barabara ikifungwa ni stroki, unapooza!"

"Wewe utakufa na hizo picha zako kabla yangu. Shika maharagwe."

Siku ya kliniki nilimsindikiza hadi Nyeri mjini. Daktari, mwanamke mpole, alimpima na kufurahi.

"Mama, presha yako iko sawa kila ukija. Nafikiri tupunguze dawa."

Mama akatabasamu kama bibi harusi. Mimi nikapiga hesabu. Dawa pungufu, tena ya kumezwa wiki moja tu! Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye heshima, yanayoanzia kwenye seli. Kilichotoka ni hiki:

"Humeza wiki ya kliniki tu!"

Nilipiga kelele hivi kwamba hata benchi la nje liligeuka kututazama.

"Asante, kijana yangu," Mama akasema. "Sasa nivue na nguo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ni kweli, Mama?"

"Si ni nyinyi mnapenda namba nzuri?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama akanionyesha kwa kidevu. "Huyu anasema misuli ya mishipa yangu imegeuka fundi wa mawe. Ni ukweli?"

"Inaweza kuwa hivyo."

"Na inaweza kurudi kazi yake?"

"Zingine hurudi, presha ikishuka na kukaa chini. Zote, siwezi kukuahidi."

Nilitaka sana kulirekebisha jibu la daktari, kwa sababu halikuwa kamili, lakini kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza. Dawa ilibaki vile vile.

Kesho yake, kliniki ikiwa imeshapita, kabla ya kukamua, Mama alisimama mbele yangu jikoni. Alimeza kidonge, akaachama mdomo wote na kutoa ulimi nje ili nikague. Nilikagua, hata chini ya ulimi. Akachukua ndoo akatoka, bila kunisalimia.