Feni Kumi na Mbili na Barua Moja

Saa nne asubuhi, Mama Upepo, fundi umeme wa hospitali, yuko juu ya ngazi katika wodi ya wazazi, bisibisi mdomoni. Amefunga kitambaa chekundu kwenye panga moja la feni ya dari ili ahesabu mizunguko. Anahesabu, anashuka, anapanda tena. Kutulia hajui.

Kufika saa sita anatakiwa awe ameandika barua ya kuomba radhi. Asipoandika, kibarua cha miaka kumi na tisa kimeota nyasi.

Swichi za ukutani za kupunguza mwendo ziliungua zote. Feni zikabaki na mawili: kuzimwa, au kuvuma kama zinang'oa paa. Zikiwashwa, vichanga wanapiga chafya; zikizimwa, wanatoka vipele vya joto. Fundi huyu aliandika barua tatu kwa miezi minane akiomba swichi mpya. Kimya.

Akajitosa. Mara ya kwanza alikosea, wala hafichi: alitoa kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme kinachosaidia mota kuanza, akaweka ndogo zaidi. Mwendo ulipungua kweli, ila feni ikawa haianzi mpaka iguswe. Wazazi wakawa wanaisukuma kwa mpini wa fagio.

"Hata feni yako ina uchungu, dada," mmoja alimtania. "Inangoja kuambiwa sukuma."

Usiku huo hakulala. Kesho yake akairudisha kapasita ya mota mahali pake, akaunga nyingine kwenye waya unaoleta umeme, ili umeme upite humo kwanza na kupungua nguvu. Feni kumi na mbili zikashika adabu.

Msimamizi wa majengo alipogundua, aliwaka, akadai barua ya radhi. Mali ya hospitali imeguswa bila kibali. Mama Upepo anakiri kwamba kibali hakuwa nacho.

Saa sita kasoro robo, msimamizi anaingia na karatasi na kalamu.

"Mama, mistari miwili tu, yaishe."

Fundi anashuka, anajifuta mikono, anatazama juu. Kitambaa chekundu kinapita taratibu, unaweza kukihesabu. Chini yake, kichanga wa siku mbili amelala bila kofia.

Anaichukua karatasi, anaandika, anairudisha. Msimamizi anasoma: ni ombi la kibali cha kuzirekebisha vivyo hivyo feni nane za wodi ya watoto.

"Na radhi?"

"Kibali naomba," anasema, akiikunja ngazi yake. "Radhi siombi."