Mchanga wa Unyayo

Apa kwamba hili halitatoka mdomoni mwako. Umeapa? Na mimi niliapa, pamoja na wote waliokuwepo, lakini leo nalimwaga lote. Limenichosha tumboni.

Nilipokuwa mtoto kule Mahurunga, bibi yangu alitufundisha kufuta nyayo zetu uani kabla ya kulala. Mtu akichota mchanga wa unyayo wako, alisema, miguu inakufa ganzi. Basi miguu yake mwenyewe ikafa ganzi. Jirani mmoja, mama wa watu aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akanyooshewa kidole. Akafukuzwa, sufuria kichwani, mtoto mgongoni.

Nikauliza, "Bibi, mbona kaondoka na miguu yako haijapona?"

Nilizabwa kofi! Swali halikutoka hata hivyo. Nimezeeka nalo.

Siku hizi nina sukari, na vidonge vyake, metformini, nimevimeza miaka mingi. Miguu ikaanza kufa ganzi. Ndala inanitoka njiani, nafika nyumbani na moja, sina habari. Wifi yangu Somoe, ambaye jambo akilisikia Ziwani asubuhi, adhuhuri liko Nanyamba, akashika kiuno.

"Wifi, umechotwa unyayo. Nani anafagia mlangoni kwako kila siku? Si Mwanaisha?"

Mwanaisha ni jirani yangu, wazazi wake walitoka ng'ambo ya mto. Hunifagilia kwa sababu mimi kuinama siwezi. Ndiyo uchawi wake huo.

Nikaenda hospitali. Nesi akaniambia, "Bibi, sukari yenyewe huleta ganzi. Lakini dawa hii nayo, ukiitumia muda mrefu, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na ikipungua miguu hufa ganzi vilevile. Tupime damu."

Wakapima, kweli imepungua. Nikaanza kuchomwa sindano za vitamini, na nikaonywa vidonge vya sukari nisiviache.

Somoe alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Vitamini! Vitamini ndiyo iliyochota mchanga?"

Akaleta mganga. Uani pakajaa majirani, wengine wameshaamua: uchawi ukifukuliwa tu, Mwanaisha ahame siku hiyohiyo. Yeye kasimama karibu na lango, kakumbatia ufagio.

Mganga akapiga magoti kizingitini, akachimba, akataka kuzamisha shimoni mkono aliokuwa kaufumba. Nikaudaka. Ganzi iko miguuni; mikono hii bado inatwanga kisamvu.

"Mjukuu wangu, kabla hujazamisha, fungua kiganja."

"Bibi, utaharibu dawa!"

"Iharibike. Fungua!"

"Wifi, utatuletea balaa!" Somoe akapiga kelele.

"Balaa umeshaileta wewe. Nyamaza."

Nikamkunjua vidole, kimoja baada ya kingine, watu wote wanatazama. Kikaanguka kifurushi cha kitambaa chekundu, kikavu, safi, hakijaonja udongo hata chembe. Hirizi ya kufukuliwa, na shimo bado tupu!

Mganga akatupa jicho langoni. Mwanaisha alikuwa ameshalifunga, na ufagio kaushika kwa mikono miwili.