Salamu Kabla ya Kadi Tatu

Kibanda cha nyanya cha Tumwagile pale Ruhembe kilibomolewa kupisha barabara, kwa hiyo kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli moja ya Mikumi ndiyo ilikuwa tegemeo lake. Nafasi ilikuwa moja, na wenzake wanne walikuwa wameshashindwa.

Msimamizi, Lightness, alipanga mezani kadi tatu za Kiingereza ili Tumwagile ataje maana zake: tea, eat, ate. Herufi zilezile zimehamishwa tu. Tumwagile alizitazama. Alikuwa na uhakika na mbili.

"Shikamoo mama," Lightness alisema, maana Tumwagile alikuwa na umri wa mama yake.

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo? Mzee je?"

"Hawajambo. Tuanze, mama."

"Tutaanza tu. Bibi yako bado yupo?"

Lightness alijibu, kwani mkubwa hakatizwi salamu. Tumwagile aliitikia kila jibu huku macho yakitembea kwenye kadi. Wanaodhani salamu ni adabu tu hawajafanya naye biashara. Sokoni alikuwa akikusalimia mpaka amalize kukupima. Walipofika kwenye miguu ya bibi inayovimba, akakumbuka daftari la binti yake: leo eat, jana ate.

"Chai. Kula. Alikula," akasema, akigusa kadi mojamoja.

Lightness akacheka. "Mama, kumbe unavuta muda!"

"Nimekusalimia. Naanza lini?"

"Kesho, saa kumi na mbili asubuhi."

"Na chakula cha mchana kipo?"