Taa ya Chatu

Chatu wa fundi cherehani alishikwa na kifua, akawa anapumua kwa kukoroma huku mate yakimvuja. Daktari wa mifugo akampiga sindano, akasema sanduku lake lina baridi mno, bila shaka taa ya joto inazimwa.

"Humu ndani kuna mtu anayeizima," fundi akanung'unika, akimkata jicho mama mkwe, ambaye tangu mwanzo hakutaka hata kumwona huyo nyoka.

Siku nzima alishona huku jicho moja liko kwa mama huyo, aliyekuwa akichambua mchele wake. Jioni suruali ya mteja ikataka pasi. Fundi akachomoa waya wa taa ya chatu, akachomeka pasi.

"Mkwe," mama mkwe akasema bila kuinua macho, "sasa huyo mtu umemwona?"