Indiketa ya Kulia, Leni ya Kushoto

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na shida ikaanza. Nilikuwa darasa la tatu. Darasa la nne sikuliona. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka kumi na mmoja, alinichukua akanipeleka Mtito Andei, pale malori ya Mombasa yanapopumzika, tukaishi nyuma ya kibanda alichokaangia mandazi. Nasema mapema kwamba sikusoma, ili anayetaka Kiswahili cha chuo kikuu akatafute kwingine. Mimi nilichosoma ni barabara.

Nilianza kwa kuosha vioo vya malori, nikawa tanboi, msaidizi wa dereva, kisha nikawa dereva. Pale kulikuwa na sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Lori ni pana, aliye nyuma yako haoni mbele, kwa hiyo wewe wa mbele unamtazamia njia. Kwetu gari hukaa kushoto. Ukimwashia indiketa ya kulia, unamwambia: tulia, kuna gari linakuja. Ukimwashia ya kushoto, upande wa majani, unamwambia: njia ni nyeupe, pita. Na ukishampa pita, unapunguza mwendo kidogo ili amalize haraka. Akikupita anapiga honi mara mbili, ndiyo asante yake. Wengine tulijuana miaka kwa honi tu, sura hatukuwahi kuonana.

Nikaja Uswidi nikimfuata mke wangu, Mungu amrehemu, aliyekuja kusomea uuguzi. Leseni yangu ya Kenya ilifanya kazi mwaka mmoja, baada ya hapo ikawa picha. Mtu aliyeshusha lori lenye trela Mlima wa Mau kwenye ukungu anaambiwa arudi shule ya udereva. Nilikasirika miaka tisa. Miaka tisa hiyo nilipanda treni kwenda kusafisha maofisi Kista, upande wa pili wa jiji, na jioni narudi nyumbani Farsta kwa treni.

Aliyenitoa hapo ni binti yangu. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa anakaa mezani jikoni na kitabu cha sheria za barabarani, anasoma Kiswidi, ananieleza nusu Kiswahili nusu mikono, kisha ananiuliza maswali kama mwalimu mkali. Nikikosea anagonga meza kwa kijiko. Mtihani wa maandishi ulinishinda mara tatu. Mara ya nne nilipita, nikapita na ule wa kuendesha kwenye barafu, nikapita na ule wa usukani kwa mara moja, kwa sababu usukani si maandishi. Tangu hapo mpaka nilipostaafu niliendesha gari la mikate.

Natoa historia yote hii ili mtu aelewe nilivyosikia binti yangu huyo huyo aliponiambia nimpe ufunguo.

Ilikuwa mwaka juzi. Nilikuwa nimegusa nguzo kwenye maegesho ya Farsta, mara mbili, nguzo ile ile. Halafu nilipomtembelea kwake Spånga niliingia mzunguko wa barabara bila kumwona mtu wa baiskeli. Hakuumia, alinitukana tu. Binti yangu aliona kwa dirisha.

"Baba, inatosha," akasema, kwa Kiswidi, maana yeye mambo mazito huyasema kwa Kiswidi. "Macho yako yamechoka. Nipe ufunguo, mimi nitakupeleka unakotaka."

"Siku nitakayotoa ufunguo, mchimbe na kaburi."

"Baba."

"Nimechoka, ndiyo. Kuchoka si ugonjwa. Nimechoka tangu kabla hujazaliwa."

Na kweli nilikuwa nimechoka. Ule uchovu wa saa nane mchana, ambapo mtu ameamka lakini mwili haujaarifiwa. Lakini nilijua nikitoa ufunguo, kitakachobaki ni mzee anayengojea kubebwa. Nimewaona, wamejaa kwenye benchi za senta ya maduka.

Basi ndipo dada yangu akapiga simu. Dada alikuwa ameolewa na Mjerumani zamani, akaishi miaka arobaini kwenye mji mdogo karibu na Kassel. Mzee wake alikuwa amekufa, nyumba imeuzwa, na dada amekubali kuja kukaa na mimi Farsta. Ila ndege hapandi. Alipanda mara moja, akasema Mungu akitaka kumwona atamfuata chini.

Nikamwambia binti yangu: "Tutaenda kwa gari. Nitaendesha mimi, kwenda na kurudi. Nikifanya kosa moja, moja tu, ufunguo ni wako. Nisipofanya, hutautaja tena mpaka nife."

"Kosa moja," akasema. Tukashikana mikono.

Tulingoja mwezi wa tano, kwa sababu matairi yetu ya baridi yana misumari na Ujerumani hawataki misumari kwenye lami yao. Tukashuka kusini, tukavuka daraja mpaka Denmark, tukalala, asubuhi tukapanda feri, tukatokea Ujerumani. Kosa sikufanya. Uswidi kuna kamera na kibao kila mahali, mwisho mia na ishirini, unatii kama mfungwa na unafika. Nilikuwa nimeogopa kitu kingine: kile kibao cheupe cha duara chenye mistari myeusi ya mshazari. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo kikomo cha mwendo hakuna.

Tulipokiona mara ya kwanza binti yangu alifungua simu akaanza kunisomea sheria, kama zamani, kijiko tu ndicho kilikosekana. Kwamba wanashauri mia na thelathini, na ukizidi hapo halafu ukagongana, unaweza kubebeshwa sehemu ya lawama hata kama kosa ni la mwenzako. Kwamba unakaa kulia, kushoto ni kwa kupita tu. Kwamba kumpita mtu kwa upande wa kulia ni marufuku. Kwamba kusimama ni marufuku, kurudi nyuma ni marufuku, na ukiishiwa mafuta hiyo pia ni kosa, kwa sababu ulijua unakwenda wapi. Hapo nilicheka. Mtito Andei tungefungwa wote.

"Kumbe sheria ni nyingi kuliko kwenye barabara yenye kikomo," nikasema.

"Ndiyo maana kikomo hakuna," akasema.

Nilikaa kulia nyuma ya malori siku nzima. Ukimwangalia dereva wa lori kwenye kioo chake unajua kama amelala vizuri. Wengi hawakuwa wamelala.

Dada tulimkuta ameketi kwenye sanduku lake mlangoni, koti limefungwa mpaka juu. Akanitazama. "Umezeeka vibaya," akasema. Binti yangu akamkumbatia, "Shikamoo shangazi," na akajibiwa "Marahaba, mama, umekula?" Mimi sikuulizwa kama nimekula.

Tuliondoka Jumapili, kwa sababu Jumapili malori makubwa hayatembei huko, ni sheria. Nilidhani itakuwa rahisi. Malori yakiondoka, wanaobaki ni wenye haraka. Dada alikaa nyuma na mto wa kiuno na mfuko wa mikate aliyoipaka siagi. Kwenye vilima kabla ya Hannover kibao cheupe kikatokea. Mbele yangu kulia kulikuwa na karavani, vile vijumba vya kuvutwa na gari, nyingi zimefuatana, zinakwenda kama zinasindikiza maiti. Nikatazama kioo. Kushoto hapakuwa na mtu. Nikaingia kushoto, nikapanda mpaka mia na thelathini, nikaanza kuzipita moja moja.

Nilikuwa nimeendesha siku tatu, mgongo unauma, macho yana mchanga. Nikatazama kioo tena, na gari jeusi lilikuwa pale. Halikuja, lilikuwa pale tu, limejaa kioo kizima, linamulika taa.

Sijui nieleze vipi kilichotokea kichwani. Mtu yuko nyuma yangu, anataka kupita. Mkono wangu ulifanya kazi yake bila kuniuliza. Huku gari hukaa kulia, kwa hiyo upande wa majani ni kulia. Nikawasha indiketa ya kulia. Pita, ndugu, njia ni nyeupe. Kisha nikatoa mguu kwenye mafuta, nikagusa breki kidogo, amalize haraka.

Kwenye leni ya kushoto. Kushoto kwangu hapakuwa na leni nyingine, palikuwa na chuma cha kutenganisha barabara. Yule mtu aliona indiketa ya kulia akajua nahamia kulia, akaongeza mwendo. Na mimi sikuhama. Nilipunguza.

Matairi yalilia. Binti yangu alipiga kelele, "Pappa!" Lile gari liliyumba, likachomoka upande wa kulia kati ya karavani mbili, kwenye nafasi ambayo mimi nisingeingiza baiskeli, likatupita na kwenda. Honi yake haikuwa mara mbili. Ilikuwa moja ndefu, ikapotelea kilimani.

Nilimaliza karavani, nikarudi kulia, nikatoka kwenye kituo cha kwanza cha kupumzikia, pale penye vyoo na meza za mawe. Nikazima gari. Mikono yangu ilikuwa imetulia, hilo nataka liandikwe.

Binti yangu alinigeukia. "Kwa nini ulifunga breki?" akasema, Kiswidi. "Uliwasha indiketa. Kwa nini hukuhama? Kwa nini, baba?"

Ningemwelezaje? Kitabu alichonisomea jikoni hakina ukurasa huo.

Dada akasema kutoka nyuma, bila haraka, akiwa anafunua mkate: "Umempa pita, sivyo?"

Nikageuka.

"Umempa pita," akarudia. "Nilikaa pale na karai langu miaka mingapi? Nilikuwa nawajua nyote kwa indiketa. Huyu anampa mwenzake pita, huyu anamnyima. Mama," akamgeukia binti yangu, "baba yako alikuwa anamfanyia heshima yule mtu. Angekuwa Mtito, angepigiwa honi ya asante. Hapa nusura atuue."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza binti yangu alinisikia nikieleweka.

"Nimechoka tu," nikasema. "Nikinywa kahawa—"

"Wewe," dada akasema. "Nimeishi na watu hawa miaka arobaini. Leni ya kushoto ni kama choo cha harusini: unaingia, unamaliza, unatoka. Watu wanangoja nje. Wewe umeingia, ukawasha taa kusema karibuni, halafu ukakaa."

Nilicheka. Sikutaka, nikacheka, na binti yangu akaanza kucheka huku analia, akijifuta na shati.

Kisha dada akaacha kucheka kabla yetu. "Mpe mtoto ufunguo," akasema.

"Dada."

"Nilikufundisha nini mimi? Nilikuambia mwizi wa mandazi ni nani?"

"Aliyekwisha shiba na bado anachukua."

"Basi. Umeendesha, umeshiba. Mpe mtoto."

Binti yangu angenidai ufunguo huo mwaka mzima, ningebisha mwaka mzima, hata na mapatano yetu. Ningesema kosa lilikuwa la yule Mjerumani. Kwa dada sina ubishi. Yeye ndiye alinipa ruhusa ya kupanda lori mara ya kwanza. Nikauchomoa, nikauweka kwenye kiganja cha binti yangu. Ulikuwa na joto la mkono wangu. Nikazunguka mbele ya gari taratibu, nikakaa upande wa abiria, nikatafuta mkanda mahali ambapo haukuwepo.

Aliendesha mia na kumi, kulia, hata palipokuwa na kibao cheupe. Magari yalitupita kama mawe yaliyorushwa na hakuna aliyetumulikia. Alikuwa anatazama kioo, mbele, kioo, mbele. Mimi ndiye nilimfundisha hivyo, kwenye gari la mikate lililokuwa tupu. Karibu na Hamburg msongamano ulianza. Kabla magari hayajasimama kabisa, ya kushoto yalikuwa yameshasogea kushoto, na sisi wa kulia tukasogea kulia, katikati pakabaki njia tupu, na hakuna aliyeamrishwa. Niliuliza ni nini.

"Ni sheria, baba. Mkianza tu kusimama, mnaacha njia ya ambulansi. Hata kama haijaonekana."

Tulikaa hivyo, kila mtu amebanwa ukingoni, njia tupu katikati. Nilitaka kusema ni upuuzi. Kisha ikaja, ikapita katikati yetu bila kupunguza. Dada akasema, "Hao nao wanampa mtu pita," akalala. Nami nikalala. Sijawahi kulala ndani ya gari linalotembea tangu nikiwa tanboi, na tanboi akilala alipigwa kofi. Nilipoamka tulikuwa kwenye foleni ya feri na hakuna aliyekuwa amenipiga.

Leo ninavyo vitu hivi. Nyumba ya vyumba vitatu Farsta, haina deni. Shamba ekari mbili na nusu, Kibwezi, lenye kisima na nyumba ya mawe isiyo na mtu. Leseni mbili, moja ni picha. Karai la dada, alilokuja nalo kwenye sanduku lake, tunakaangia samaki ijapokuwa yeye hataki samaki. Kadi ya treni ya wastaafu. Gari moja, limeandikwa jina langu, linakaa Spånga kwa binti yangu. Jumapili linakuja kutuchukua kwenda kanisani, dada anakaa mbele.