Rangi Inayochelewa Kukauka

Faraj alikuwa ameandika na kupamba malori pale Makupa miaka thelathini, na mkono wake ukijulikana. Mpe bodi la lori asubuhi, alasiri linatoka na jina, maua na simba wawili. Basi daktari aliposema kwamba sukari imemla macho mkewe, Mwanakuu, na hayatamaliza mwaka, Faraj alijiona ana dawa. Nyumba ya wazazi wa Mwanakuu, huku Mji wa Kale, ilikuwa imeshabomolewa. Juu ya dari lake, lisilo na paa, ndiko alikokuwa akianika nguo usichanani, akitazama maji na minazi ya ng'ambo, na mpaka leo hakuacha kuitaja. Faraj akaapa atamchorea ng'ambo yake aione kabla macho hayajafunga.

Naye, mwanamume yule, akafanya siri. Badala ya kurudi nyumbani alasiri kama alivyozoea, alimwambia mkewe ana malori ya kumalizia, kisha akapanda tuktuk hadi Ganjoni kwa Beryl, mwalimu aliyefundisha watu sebuleni kwake kuchora kwa rangi za mafuta, kitu kionekane kama kilivyo.

Siku ya kwanza alizungushia kila mnazi mstari mweusi.

"Mzee Faraj, umeona wapi mnazi wenye mpaka?" Beryl alimtania.

"Kwenye malori yangu, mwalimu."

Wakacheka, akajifunza. Alijifunza kufinya macho mpaka aone kivuli badala ya mti. Alijifunza kwamba bahari si buluu tupu, ina kijani, kijivu, hata zambarau. Alishika haraka, hilo tusimnyime.

Kilichomshinda ni kungoja. Rangi ya gari hukauka kesho yake; hii ya mafuta, wiki nzima ukiigusa yakushika kidole. Beryl alimwonya asiiharakishe. Lakini Mwanakuu alikuwa sasa akipapasa kikombe mezani, na Faraj akaona mwalimu haelewi. Akapaka rangi ya gari juu ya anga na maji, mafuta bado mabichi. Baada ya siku tatu picha yote ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa. Miezi miwili ikaenda bure. Fundi wa miaka thelathini, jamani, na ujinga wa namna ile. Alilia palepale, sebuleni kwa watu, kisha akaanza upya.

Ya pili ilitoka nzuri mno. Faraj akaibeba mpaka kitandani kwa mkewe, na Mwanakuu akaelekeza uso mlangoni, si kwake.

"Macho yamezima tangu adhuhuri," alisema kwa utulivu.

"Nimekuletea ng'ambo, Mama Lamis," Faraj alisema. Akamweleza yote: Ganjoni, mwalimu, picha iliyoharibika, minazi.

Mwanakuu aliipapasa picha taratibu, akaiweka kando kitandani.

"Ng'ambo naijua, Baba Lamis. Hainipotei ile," alisema. "Miezi minne hii nalikuwa nangoja urudi mapema, jua bado lipo, nikutazame uso nikuhifadhi. Nawe warudi kiza kimeingia, na kizani nalikuwa sioni tena."

Faraj akaketi chini akalia. Alikuwa amemdhulumu kwa kumpenda, na wote wawili walijua. Mwanakuu akanyoosha mkono, akampapasa ndevu, akamuuliza zimeshakuwa nyeupe zote au bado.