Kontua za Uso wa Binti Yangu

Miaka ile nilikuwa mpima ardhi katika mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Nilichora kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ili trekta zilime kwa kukingama na mteremko na mvua isiondoke na udongo. Kazi hiyo ilinizoeza kuamini kilichopimwa.

Binti yetu alikuwa na taya la chini lililotangulia mno mbele. Meno yake hayakukutana, na chakula kigumu hakuweza kuking'ata. Daktari wa hospitali ya rufaa alisema taya linaweza kukatwa na kurudishwa nyuma. Lakini mama mkwe wangu alirudi kutoka soko la Katesh na habari kwamba waliopasuliwa hivyo hurudi na sura ya mtu mwingine.

"Nani kamwona mtu huyo, mama?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mkwe wangu, wewe ukiambiwa kuna nyoka ndani, utatafuta futi kwanza umpime!"

Binti alicheka. Mama yule alipotoka, akaniuliza, "Baba, na kama ni kweli? Nikijitazama nisijijue?"

Sikutaka kumpa jibu la kubuni. Nikampeleka hospitali aulize mwenyewe.

Daktari alimkalisha mbele ya kamera mbili zilizopiga picha kwa wakati mmoja, kila moja kutoka upande wake. Mfupa, alieleza, huonekana kwenye eksirei; lakini watu hututambua kwa nyama iliyoufunika, na nyama haiufuati mfupa sawasawa. Kutokana na picha hizo, kama tulivyofanya sisi wapima ardhi na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, uso wa binti yangu ulichorwa kwa kontua.

Tuliporudi kuuona mchoro, nilikunja uso. Namba ndogo kuliko zote ilikuwa kwenye ncha ya pua.

"Daktari, mmekosea. Hapa pua ni shimo."

"Mzee, wewe unahesabu kwenda juu kutoka usawa wa bahari. Sisi tumehesabu kutoka kwenye kamera. Kilicho karibu ndicho chenye namba ndogo."

"Baba, usije ukanipanda ngano usoni!" binti akasema.

Daktari akatandika juu ya mchoro karatasi angavu yenye uso uliotarajiwa baada ya upasuaji. Kwenye paji, macho na pua, mistari ya juu ililala juu ya ile ya chini. Iliachana kuanzia midomoni hadi kidevuni. Alituonya kwamba hayo ni makadirio, si ahadi. Kwa onyo hilo nilimwamini.

Binti aliifuata mistari kwa kidole, polepole, akashuka mpaka kidevuni, akarudi juu tena.

"Huyu ni mimi," alisema. Nilikuwa bado natafuta neno la kumtia moyo, naye tayari anamuuliza daktari atakula nini baada ya upasuaji, taya likiwa limefungwa kwa waya.

"Uji, kwa mrija."

"Basi nipangieni siku. Uji naupenda."